Pilau ya Watu Watano

Enzi zetu, sisi watoto wa Waswahili tuliokulia DeSoto, mji ulio kando ya Dallas kule Texas, wikiendi za vuli hazikuwa za kupumzika. Najua wakubwa zangu watacheka kumsikia mtu wa rika langu akisema enzi zetu, nami nacheka nao. Lakini aliyewahi kutoka Dallas mpaka Houston kwenye kiti cha nyuma, magoti kidevuni kwa sababu sufuria limewekwa pa kuweka miguu, huyo tayari ana enzi zake.

Mwaka 2017 nilikuwa na miaka tisa. Kaka yangu Idi alikuwa amemaliza chuo, na siku timu za ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani, ule mpira wa kushika mkononi, zilipochagua wachezaji wapya, hakuna iliyotaja jina lake. Tulikaa sebuleni kutwa nzima mbele ya televisheni, Baba kavaa kanzu mpya, tukaishia kula sambusa za sherehe bila sherehe. Baadaye timu ya Houston ikamwita aje ajaribu tu. Akaenda na begi moja, akabaki.

Kazi yake ilikuwa hii: anapewa mpira mkononi, kisha anaambiwa akimbie penye watu. Wenyewe huita running back. Baba alisema kwa Kiswahili ni mkimbiaji. Mama alisema kwa Kiswahili ni kujitafutia kifo. Magazeti yalimsifu kwamba mpira haumponyoki. Sisi hatukushangaa. Nilipokuwa mchanga na Mama yuko shifti kwenye nyumba ya wazee, Idi ndiye aliyenibeba, mkono mmoja umenibana kifuani na wa pili unakoroga uji. Mama alimwambia akiniangusha asimngoje arudi. Nadhani onyo lile lilimwingia mkononi.

Mechi ya kwanza tuliyokwenda, Mama hakuangalia mpira hata kidogo. Aliwaangalia wale wanaume watano wakubwa wanaopangwa mbele ili kuwazuia wanaotaka kumwangusha Idi. Baba akamweleza kwamba kazi yao ni kuzuia tu, mpira hawaugusi, na majina yao hutajwa wakikosea. Mama akauliza wanakula wapi.

Ndipo ilipoanza pilau. "Mkono mtupu haulambwi," alisema, na toka hapo kila mechi ya Houston tulifunga safari. Tulifikia Sharpstown, mtaa wa Houston, kwenye fleti ya Shangazi Rukia, dada yake Baba. Jumamosi nzima ilikuwa ya jikoni. Mama alitwanga iliki, mdalasini na pilipili manga kwenye kinu alichokuja nacho kutoka Tanga, ingawa mashine ya kusagia ilikuwa palepale kabatini. Mimi nilimenya vitunguu saumu mpaka Jumatatu shuleni hakuna aliyetaka kukaa nami. Wali wa kwanza ulipoiva, jengo zima lilinukia, na majirani wakaanza kukumbuka vitu walivyotaka kuazima kwa Shangazi.

Jumapili baada ya mechi, wale watano walikuja na Idi. Shangazi aliwatazama mlangoni, akalitazama kochi lake ambalo alikuwa bado analipia, akatandika mkeka haraka. Wao wakadhani ndiyo mila yetu. Wakavua viatu kwa heshima kubwa, wakakaa chini wamekunja miguu, na hakuna aliyethubutu kuwaambia kwamba sisi wenyewe hula mezani. Wakazunguka sinia moja. Mama akawafundisha kula kwa mkono wa kulia, na kwamba mstaarabu hashambulii nyama iliyo mbele yake, humsogezea mwenzake. Basi wanaume wale, ambao saa moja nyuma walikuwa wanagongana mpaka unasikia jukwaani, wakaanza kusogezeana minofu kwa vidole, kila mmoja anakataa.

Mama alijua Kiingereza cha kazini vizuri, ila mambo mazito aliyasema kwa Kiswahili. Walipomaliza kula akawaambia, "Wanangu, huyu sina mwingine kama yeye. Mkimwachia akavunjika, mtakuja kunieleza mimi hapa hapa." Idi akawatafsiria, "She says you're welcome anytime," yaani karibuni wakati wowote. Marcus, mkubwa kuliko wote, mtu wa Fort Worth mwenye sauti ya upole, hakuamini. Alinifuata jikoni akaniomba nimwambie kweli. Nikamwambia. Akarudi kukaa mkekani, na sikumwona akicheka tena siku ile.

Misimu miwili ilikwenda hivyo. Idi alikimbia, wale watano walizuia, sisi tulipika. Marcus alijifunza kusema "shikamoo", akawa anamwamkia kila mtu pale Sharpstown, mpaka watoto wa chekechea.

Kisha ukaja msimu wa 2019. Hakuna aliyempiga. Idi alikuwa amepenya, peke yake, uwanja mtupu mbele yake, akageuka, na mguu ukabaki ardhini, mwili ukaenda, goti likaachia. Mama alisimama kabla uwanja haujanyamaza. Niliogopa sana, nikashika ushungi wake kama mtoto mdogo.

Jioni ile Idi alikuwa hospitali, nasi tulirudi Sharpstown kuchukua nguo zake. Tukamkuta Marcus amesimama nje ya mlango, bado ana majani ya uwanjani kwenye soksi. Alikuwa amekuja kueleza. Alikumbuka alivyoambiwa. Mama akamshika mkono, akamwingiza, akampakulia pilau ambayo hakuna mwingine aliyeweza kuila, akakaa karibu naye mpaka akamaliza. "Hukumwangusha wewe, mwanangu," alimwambia. Mara hii sikuhitaji kutafsiri.

Ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini. Idi alirudi DeSoto na magongo, akalala kwenye chumba chake cha zamani, miguu inapita mwisho wa kitanda. Mwaka uliofuata, katikati ya korona, timu ikampigia simu kwamba imeachana naye. Simu yenyewe ilikuwa fupi. Alizungumza nao kwa adabu, akashukuru, kisha akatoka kwenda kukata majani ya uani ambayo Baba alikuwa ameyakata jana yake.

Siku hizi wadogo zetu wanamjua Idi kwenye simu. Wana vipande vya video vya sekunde chache, Idi anachomoka na mpira, basi, wanasogeza kingine. Ukiwauliza nani alimfungulia njia hawajui, maana wale watano wamekatwa kwenye picha. Wakitaka pilau wanabonyeza, inafika mlangoni imeletwa na mtu ambaye hawakumwona hata uso. Kitunguu saumu ukiwapa wanauliza kinafunguliwa wapi. Siwalaumu. Ila ninapoona vile vipande, namkumbuka Mama ile vuli ya 2020.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Niliamka nikasikia kinu. Mama alikuwa jikoni na mchele wa watu wengi, sufuria lile lile la Houston liko motoni. Baba akamkumbusha kwa upole kwamba Idi hachezi tena, na kwamba kuna mwingine anayepewa mpira sasa. Idi alikuwa mezani, kikombe cha chai mkononi.

Mama hakuacha kutwanga. "Najua," alisema. "Kwani huyo mwingine hana mama?"

Idi aliimaliza chai yake polepole, akainuka akilihurumia lile goti, akachukua funguo za gari ukutani. Mama alimwambia safari ni ndefu kwa mguu ule. Akasema, "It's okay, Mama. Mimi nita-drive."

Mkeka mwaka ule haukutandikwa. Tulikutana kwenye maegesho ya magari pale Sharpstown, wote na barakoa, kila mtu amefungiwa bakuli lake, tumeachana kwa hatua kadhaa. Marcus aliamkia kwa mbali. Nyuma yake na wenzake wanne alisimama kijana mgeni, amechukua nafasi ya Idi, hajui aweke wapi mikono. Idi akafungua buti, akainua vifuniko kimoja kimoja akichungulia ndani. Akalichagua bakuli lililokuwa na nyama nyingi kuliko yote, akachechemea nalo mpaka katikati, akaliweka juu ya boneti ya gari lililokuwa pale, akalisukuma upande wa yule kijana.