Betri Hazilazwi Njaa

Siku ile ya mwezi wa tatu siisahau, mwanangu. Theluji ilikuwa imeanza kugeuka tope kwenye barabara yetu pale Riverside, upepo wa mtoni bado unauma masikio, na mama yangu ameketi mlangoni tangu asubuhi, kilemba kichwani, kifurushi cha kitenge mapajani. Kitenge kilikuwa zawadi ya kumpelekea mdogo wake, mama mdogo Rebeka, aliyekuwa Louisville. Vita viliwatenganisha wakiwa bado na nguvu za kupanda milima ya kwetu, mmoja akakimbilia huku, mwingine kule, na tangu hapo hawakuwahi kushikana mkono.

Nakueleza haya kwa sababu umeniomba funguo za gari-nyumba, na baridi inakaribia. Funguo nitakupa. Lakini kwanza kaa chini unisikilize, na hiyo simu iweke mfukoni.

Miaka hiyo, katikati ya miaka ya elfu mbili na kumi, tulikuwa wageni Buffalo. Ujana wangu wa Kongo ulikwisha mapema, njiani na kambini, basi naihesabu miaka ile kuwa ujana wangu wa pili. Nilikuwa na mvi chache na ujinga mwingi. Mama alikuwa anapumua kwa msaada wa mashine, kile kimrija puani, na mgongo wake haukuweza tena kuketi safari ndefu. Kwa basi la abiria asingeweza. Ndege ndiyo kabisa. Ndiyo maana mimi na baba yako Zakayo tulinunua kwa jirani yetu mzee lile gari-nyumba lake kuukuu: lina kitanda, jiko, na betri mbili kubwa za kuwasha taa na vyombo gari likiwa limezimwa. Mashine ya Mama ingepata umeme hapo. Bila zile betri, gari lilikuwa banda la bati tu.

Na safari isingengoja, kwa sababu macho ya mama mdogo Rebeka yalikuwa yanazimika polepole. Kwenye simu alikuwa anamwambia Mama, kwa lile neno letu la kumwita dada mkubwa, "Yaya, ninaona kivuli tu. Ukuje kabla hii kivuli nayo iende."

Sasa, jirani alipotukabidhi gari alituonya: kabla ya baridi, toeni maji yote, kwenye mabomba, kwenye tangi, hata chooni, yasigande yakapasua kila kitu. Zakayo alisikia vizuri, tena alisikia kupita kiasi. Kambini yeye ndiye aliyekuwa anachajia watu simu kwa betri ya gari, na kule desturi ilikuwa moja: unaitumia betri mpaka ife kabisa, kisha unailaza, siku ukiihitaji unaifufua. Akafikiri: kama maji yanatolewa, na umeme nao utolewe. Akaziwasha taa zote za lile gari, akaziacha ziwake mpaka zikazima zenyewe. Akarudi ndani anasugua mikono.

"Bon, sasa zinalala."

Hakuna aliyembishia. Nani angembishia fundi wa kambi nzima?

Ndipo siku ile ya mwezi wa tatu, Mama akiwa mlangoni na kilemba chake, tukafungua kisanduku cha betri. Moja ilikuwa imevimba tumbo. Ya pili ilikuwa imepasuka ubavuni, na tindikali imekula bati la chini likawa kama limetafunwa. Zakayo alisimama anazitazama. Mimi ndiye niliyekwenda kumwambia Mama avue kilemba.

Hakuvua. Alimwita Zakayo.

"Mulienda kuziona siku gani?"

"Mama, zilikuwa zinalala."

"Kitu yenye kulala, mutu anaenda kuangalia kama inapumua! Kule kwetu, kiangazi tulikuwa tunapeleka ng'ombe mbali kwenye majani. Ni nani alikaa nyumbani mpaka mvua irudi? Baba yangu alikuwa anapanda kila wiki kuzisalimia, anashika kila moja mgongo. Ninyi mulifunga mulango, mukaenda kula."

Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililotuuma. Kisha akanigeukia mimi, mwanawe wa kumzaa, akasema, "Na wewe uliangalia tu."

Kiangazi kilipofika tulipata betri nyingine, lakini kifua cha Mama kilimlaza hospitalini mpaka majani yakaanza kudondoka. Alipotoka, baridi ilikuwa inapiga hodi tena. Rebeka akapiga simu akasema hata kivuli kimekuwa chembamba. Hapo, mwanangu, nikakata shauri. Baridi hii ingepita, na betri zingeamka hai, hata kama ningezibeba mgongoni.

Ghalani nilipokuwa nafanya kazi kulikuwa na mashine za kuinulia mizigo zinazotumia betri, na kijana wa Kirundi, Deo, ndiye aliyezitunza. Nilimfuata wakati wa mapumziko, nikamwambia yaliyotupata.

"Mama, betri iliyojaa haigandi kirahisi," akaniambia. "Ikiisha nguvu, ile tindikali ndani yake inabaki karibu na maji matupu, na maji unajua yanavyofanya Buffalo. Ninyi mlizilaza njaa kwenye baridi."

Maneno hayo nilirudi nayo nyumbani nikayatua mbele ya Zakayo kama sahani ya chakula. Akayala yote. Lakini mtu haachi ufundi wake mara moja. Alisema basi, zichajiwe mpaka zijae, halafu zikalale ndani kwenye joto, chini ya kitanda cha Mama, mahali ambapo hazitaguswa.

"Unataka kumulaza Mama juu ya tindikali?" nikamuuliza. "Na ile hewa inayotoka betri ikichajiwa, inayoshika moto kwa cheche moja, aivute yeye na mashine yake?"

Mama alicheka kitandani mpaka kimrija kikamtoka puani. Zakayo akachukua koti akaenda kusafisha garaji.

Tulifanya hivi, na wewe utafanya hivi hivi. Tulizichaji zikajaa kabisa. Tukafungua waya wa hasi kwanza, kisha wa chanya, na ule wa chanya tukaufunga utepe mwekundu ili mwezi wa nne mtu asibahatishe. Tukasugua vichwa vya betri kwa mswaki wa zamani na magadi ya kuokea mikate yaliyokorogwa kwenye maji, vifuniko vimefungwa ili magadi yasiingie ndani, tukafuta mpaka vikakauka. Tukafungua vifuniko, tukaongeza maji yaliyosafishwa, yale ya dukani. Ya bomba hapana, hata kama unayanywa wewe. Miwani machoni na glavu mikononi, usijifanye shujaa. Kisha tukaziweka garajini juu ya ubao, mbali na moto wowote.

Deo alisema kuzipima mara moja kwa mwezi kunatosha. Mama akasema kwake Deo kunatosha. Sisi tungeenda kila Jumapili, tukitoka kanisani, kabla ya chakula. Aliita kwenda kuzisalimia. Majirani wakituona tunaingia garajini na nguo za ibada, Zakayo amebeba kipimo cha umeme mkononi kama Biblia, sijui walifikiri ni dini gani.

Jumapili moja theluji ya ziwani ilishuka kama imetumwa. Mlango wa garaji haukuonekana. Ibada yenyewe iliahirishwa. Zakayo alitazama dirishani, akasema, "Donc, leo tuache. Hazitakufa kwa Jumapili moja." Na mimi, nisikudanganye, niliafiki moyoni. Miguu ilikuwa inauma kwa kazi ya wiki nzima.

Tukasikia kishindo chumbani. Mama alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, anavaa viatu, kile kimrija kinamvuta nyuma.

"Mama, unaenda wapi?"

"Kusalimia. Ninyi mupumuzike."

Mwanangu, nilishika koleo kabla hajafunga kamba za kiatu cha pili. Tulichimba mimi na Zakayo kwa hasira na aibu, theluji inatuingia shingoni. Tulipofika ndani akapima betri ya kwanza: iko vizuri. Akapima ya pili. Akapima tena. Akanipa kipimo nikisome mwenyewe, maana hakuyaamini macho yake. Ilikuwa imeshuka sana, chini kabisa ya pale Deo alipotuambia tusiiache ifike. Nguvu ilikuwa inavuja kimyakimya, na sisi tulikuwa karibu kuiacha kwa sababu ya miguu kuuma.

Tuliichaji siku ileile, mlango umeachwa wazi kidogo hewa ipite, Zakayo amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa anailinda kama anavyolindwa mgonjwa. Wiki iliyofuata baridi ilishuka mpaka mabomba ya jirani yakapasuka. Betri zetu zilikaa salama. Tangu siku hiyo hakuna aliyesema tuache.

Tuliondoka Buffalo miti ikianza kuchipua. Usiku wa kwanza tulilala Columbus kwa shemeji yako mkubwa, lakini yeye anakaa ghorofa ya juu, na Mama hakuweza kupanda ngazi. Akalala garini, mashine yake ikila umeme wa betri peke yake. Mimi sikulala. Niliisikiliza ile mashine ikivuta na kushusha pumzi, na kila ikinyamaza kidogo moyo wangu nao ulinyamaza. Asubuhi Mama aliamka akaomba chai.

Tulifika Louisville mvua inanyesha, mawingu yametanda, ndani ya gari kukiwa giza kama jikoni kwetu zamani. Rebeka aliletwa akishikwa mkono. Mama hakuweza kushuka, basi yeye ndiye aliyepanda, anapapasa ukuta, anapapasa kiti, mpaka akagusa blanketi.

"Yaya, uko wapi? Sioni kitu."

Zakayo akawasha taa. Akawasha ya pili, ya jikoni, ya juu ya kitanda, zote, kama alivyoziwasha ule mwaka wa kwanza alipokuwa anaziua betri. Safari hii hazikufifia. Rebeka akainama mpaka pua zao zikakaribia kugusana, akakaa hivyo muda mrefu.

"Umezeeka, Yaya," akasema.

"Na wewe uliona nini mpya?" Mama akamjibu, na wote wawili wakalia na kucheka kwa pamoja. Zakayo alitoka nje akasimama kwenye mvua.

Kabla ya baridi iliyofuata macho ya Rebeka yalizimika kabisa. Lakini uso wa dada yake alikuwa ameshauona, na alituambia kuwa gizani mwake ndio uso anaoutazama.

Basi funguo hizi hapa. Zijaze betri kabla hujazilaza, na uwe unakwenda kuziona, usizifungie mlango ukasema zimelala. Na siku ile ambayo hutataka kwenda, miguu ikiuma, theluji ikiwa mlangoni, siku hiyo hasa ndiyo uende. Fanya vivyo hivyo kwa watu wako wanaokusubiri kimya. Mungu aliyemfikisha mama yangu Louisville akulinde wewe njiani, akupe mikono isiyochoka kutembelea, na kila utakayemwendea umkute bado ana mwanga wa kukuona.