Kifurushi cha Mpwa Wangu

Mimi ni mbishi, na ubishi wangu niliuingiza mpaka kwenye programu. Tulikuwa watu wachache tunatengeneza lugha mpya ya kompyuta, yenye amri za Kiswahili, ili walimu wa huku kwetu waifundishe bila kuhangaika. Wenzangu walichukua kazi za sifa. Mimi, nikiwa nyumbani Masasi, niliachiwa ile isiyotakiwa na mtu: kutengeneza msimamizi wa vifurushi. Kifurushi ni kipande cha programu alichoandika mwenzako, nawe unakitumia badala ya kuandika chako upya. Kazi ya msimamizi ni kukuletea kifurushi kwa jina lake, toleo lilelile ulilozoea, ili kilichofanya kazi jana kifanye kazi na leo. Sheria niliyoipigania mpaka wenzangu wakachoka ni kwamba jina likishatangazwa halibadilishwi wala halifutwi. Kwa nini kazi yangu ivunjike eti kwa sababu mtu wa Mnyambe kaamka vibaya?

Kumbe mtu mwenyewe wa Mnyambe ni mpwa wangu, kitindamimba wa dada yangu. Likizo moja nilimfundisha, naye akaandika kifurushi cha kugeuza saa za mashine kuwa saa zetu, saa kumi na tatu iwe saa saba mchana. Kilikuwa kizuri jamani! Akakipa jina lake, kama watoto wanavyofanya, na walimu wakakipenda. Mwalimu mmoja wa Lulindi alijenga masomo yake ya muhula mzima juu ya kifurushi hicho.

Mwezi wa kumi na mbili kijana akaenda jandoni. Mimi mjomba ndiye niliyempeleka, na siku ya kutoka nilikuwepo alipopewa jina jipya. Kwetu jina la utotoni likishaachwa limeachwa. Ukimwita mtu kwa jina hilo umemtukana, na wapo waliokunjana mashati kwa ajili hiyo.

Shule zilipofunguliwa akanifuata Masasi.

“Shikamoo mjomba.”

“Marahaba. Kaa.”

Hakukaa. “Mjomba, mashine inanitukana.”

Kila wakifungua somo shuleni, kioo cha kompyuta kinaandika jina lile la zamani na darasa zima linacheka. Alitaka lifutwe. Nikamweleza sheria, nikamweleza na habari ya mwalimu wa Lulindi, kwamba tukilifuta masomo yake yote yanakwama. Alinisikiliza kwa adabu zote, kisha akasema kama jina haliondoki, ataondoka yeye. Kompyuta hataigusa tena. Roho iliniuma. Mtoto yule ana kipaji kunishinda, na nilijua hatanii.

“Nipe wiki hii,” nilimwambia.

Nilipowapigia wenzangu waliangua kicheko. Sheria si ya kwako mwenyewe? Mmoja akasema tubadilishe jina tu, watakaokwama watajirekebisha. Ala! Mwalimu ajirekebishe huku darasa limemjaa? Nikakata simu.

Mama yangu alikuwa uani anabangua korosho. Nilimuuliza, kwa hasira zangu tu, kama bado analikumbuka jina langu la utotoni.

“Mh! Nisahau nililokupa mwenyewe?”

“Litaje basi.”

“Wee! Nilitaje ili iweje? Mtu mzima na mvi zako!” Akacheka mpaka akakohoa.

Tangu nitoke jandoni hajawahi kulitamka, hata nilipomuudhi, na sikuwahi kufikiri kwamba bado analo. Nikarudi kwenye kompyuta.

Nilichofanya ni hiki. Kila kifurushi nilikipa alama, namba ndefu isiyo na maana kwa mtu, na msimamizi akawa anakitambua kwa alama hiyo. Programu ikiomba kwa jina la zamani, inapewa kifurushi bila maneno, na jina jipya linaandikwa palepale mahali pa lile la kwanza. Lile la kwanza nikalifungia ndani, halionyeshwi popote. Mengine niliyajenga nikayavunja nikayajenga tena.

Mwalimu wa Lulindi ndiye aliyetangulia kujaribu. “Kaka, kila kitu kinakwenda,” alisema kwenye simu. “Ila naona jina jingine.”

“Ndilo jina lake.”

“Aa, amekua,” akasema, na hakuuliza zaidi.

Jumamosi mpwa wangu akaja. Alifungua somo, akasoma jina lake kwenye kioo, akafungua jingine, na jingine. Mimi nimesimama nyuma yake.

“Umelifuta?”

Ningeweza kumwambia ndiyo. “Hapana. Lipo ndani. Likifutika, masomo ya watu hayatakipata kifurushi chako.”

Akainuka kwenye kiti. Nikajua nimempoteza.

“Nani anaweza kulifungua?”

“Mimi peke yangu.”

Akakaa tena.

“Wewe ulikuwepo nilipoliacha,” akasema. “Baki nalo, mjomba.”