Waya Mahali pa Fyuzi

Nakumbuka siku moja ya kiangazi, mwanangu. Hadi leo nikisikia harufu ya plastiki inayoungua, nainuka kutafuta inakotoka.

Nilikuwa kijana, najifunza ufundi kwenye gereji ya Fundi Mihayo, kule mtaa wa Isevya. Asubuhi akaingia mzee Kasanda na gari lake, wanawe watatu wamejibana nyuma. Alikuwa amefiwa na mama yake huko Bukene, mazishi mchana uleule, na taa ya injini ilikuwa inawaka. Fundi alikuwa ametoka kutafuta vipuri, nikapima mwenyewe. Mashine ikaonyesha hitilafu kwenye hita ya sensa ya oksijeni. Sensa hiyo hukaa kwenye bomba la moshi, na hita huipasha moto upesi ili isome vizuri. Nikafungua kisanduku cha fyuzi. Mahali pa fyuzi ya hita palikuwa na kipande cha waya wa shaba.

"Fyuzi zilikuwa zinaungua kila mara, gari linanizimikia njiani," mzee akaniambia. "Wewe nizimie taa tu, nikamzike mama."

Nilijua ni hatari. Lakini macho yake yalikuwa mekundu kwa kulia, nami sikulelewa kumkatalia mtu mzima, tena mwenye msiba. Nikazima taa, waya nikauacha palepale.

"Pole sana, mzee wangu. Safari njema."

Hakufika hata getini. Moshi ulifuka chini ya dashibodi, watoto wakaanza kukohoa na kupiga vioo, maana milango ya nyuma haikufunguka kwa ndani. Niliogopa, mwanangu. Niliogopa mpaka nikaganda. Fundi Mihayo, aliyekuwa ndiyo kwanza anarudi, alitupa mzigo wake, akapenyeza mkono dirishani kwa mzee, aliyekuwa amewageukia wanawe, akazima gari, kisha akang'oa waya wa betri. Hapo ndipo nikakumbuka kuwafungulia watoto.

Tulipolala chini ya gari tuliona nyaya za hita zimelalia bomba la moshi, ganda lake la plastiki limeyeyuka, shaba inagusa bodi ya gari. Fyuzi zile ziliungua kwa sababu ndiyo kazi yake, kukata umeme kabla nyaya hazijashika moto. Tukafunga sensa mpya, nyaya mpya tukaziweka mbali na bomba, na fyuzi ya kipimo chake. Kasanda alifika Bukene mama yake ameshazikwa.

Jioni, Fundi aliniambia huku ananawa mikono, "Ulimwogopa mwenye gari. Moto hukuuogopa."

Kwa muda mrefu Kasanda hakuitikia shikamoo yangu. Nilikuwa nikipishana naye njiani, nawahesabu wanawe nyuma yake, kisha naendelea na safari yangu.

Kwa hiyo, mwanangu, mtu unayemheshimu akikuomba jambo litakalomdhuru, mkatalie kwa adabu, na kama ni gari, ufunguo uwe mkononi mwako. Akikununia, mwache anune. Mungu akupe ulimi usiotetemeka, na kila anayeondoka mlangoni kwako afike.