Nyumba ya Ndani ya Miwani

Kiwanja tulikuwa nacho. Niseme hilo kwanza, maana pale mtaani kwetu Kikuyu, hapa Dodoma, kuna waliodai hatukuwa na kitu kabisa, na hao walikosea. Kilikuwa nje kidogo ya mji, kimepimwa, kina bikoni zake za mipaka na migunga ambayo miiba yake inatoboa kandambili. Tulipewa kwa sharti kwamba kijengwe. Ukikiacha pori na muda ukapita, anapewa mwingine. Sharti hilo niliona ni la haki na bado naona hivyo, ingawa lilininyima usingizi. Miaka yote ya ndoa tulikuwa wapangaji, bomba moja na choo kimoja kwa nyumba nzima, na ikifika asubuhi nilikuwa naijua hali ya tumbo la kila mpangaji kuliko daktari wake.

Mume wangu ni dalali wa mahindi Kibaigwa. Haamini gunia mpaka alichome bambo, atoe punje, azitafune. Mkulima anaweza kuapa kwa kaburi la mama yake, yeye anachoma tu. Ndiyo maana sijaelewa mpaka leo jinsi mtu huyohuyo alivyoridhika na nyumba kwa kuvishwa miwani.

Alipelekwa na rafiki yake kwa dada mmoja mchoraji wa ramani za nyumba, mwenye ofisi mjini. Dada huyo ana dude jeusi linalofanana na miwani ya fundi wa kuchomelea. Unafungwa nalo kichwani, unafumbua macho, uko ndani ya nyumba ambayo haijajengwa, na ukigeuza shingo unaona mpaka kitasa cha mlango. Mimi niliishia darasa la saba, linavyofanya kazi siwezi kueleza. Ila nimtendee haki yule dada: siku ya kwanza alituambia wazi kwamba ile ni picha ya kutusaidia kuamua, na tukishaamua tuchimbe msingi. Akalirudia neno hilo. Mume wangu alikuwa ameshavaa, hakusikia.

Nilipovaa mimi, kitu cha kwanza nilichokiona ni mwanamke. Amesimama jikoni kwangu, mwembamba, kashika kikombe, anatazama nje. Na huko nje ni majani mabichi mpaka macho yanapoishia, Dodoma hii, kiangazi. Nikauliza huyu nani. Dada akasema ni wa kupendezesha tu, anaweza kumwondoa. Mume wangu akasema amwache, anasaidia kuonyesha ukubwa wa jiko. Wifi yangu, ambaye alikuja bila kualikwa kama kawaida yake, naye akavaa, akatazama, akasema, "Pole wifi. Mwenye nyumba kashahamia."

Sikucheka siku hiyo. Ila dirisha la jikoni nililipenda. Lilikuwa pana, juu ya sinki, na nilisimama pale nikizungusha mikono kama mtu anayeosha vyombo, ofisini kwa watu.

Tangu hapo mume wangu akawa na nyumba. Wiki ikiisha, badala ya kwenda kiwanjani kukata migunga, anaoga, anavaa shati la kanisani, anakwenda mjini kukaa sebuleni kwake. Kila akirudi kuna kilichoongezeka: ghorofa, ngazi ya kupinda, chumba cha kutunzia nguo, naye ni mtu ambaye nguo zake zote zinaingia kwenye sanduku moja na nafasi inabaki. Akaanza kupeleka ndugu. Walitoka Kongwa kwa basi, wakakaa kwenye benchi la ofisi kungoja zamu, na nilimwona kwa macho yangu shemeji, mtu mzima na akili zake, akivua viatu kabla ya kuvaa miwani ili asichafue vigae. Alipovuliwa alimshika mume wangu mkono, akampa hongera ya kujenga. Mume wangu akaipokea. Mwingine alileta jogoo wa kufungulia nyumba. Tukamla.

Nami siwezi kujitoa. Wifi alipotangaza kwamba chumba cha juu kinachotazama mlima ni chake akija kututembelea, nilimwambia hicho ni cha watoto. Akasema watoto hawana shida na mlima. Nikasema na mgeni hana shida ya kukaa mwezi mzima. Tukanuniana tangu mavuno mpaka pepo za vumbi, tunapitana sokoni kama hatujuani, kwa ajili ya chumba ambacho mahali pake walikuwa wanapita kunguru.

Ndipo bwana ardhi akapiga simu. Alikuwa anakagua viwanja vilivyolala, akataka tukutane palepale kiwanjani. Mume wangu akampigia dada mchoraji aje na miwani.

Yule baba hakupewa hata nafasi ya kufungua begi lake. Alivikwa. Akaanza kutembea katikati ya migunga, mikono mbele, anatabasamu, na mume wangu anamwongoza: apite kulia, ngazi hiyo hapo, atazame dari. Mwiba ukamkamata suruali, akasema samahani, sijui alikuwa anamwomba nani. Mwisho akavua, akajifuta jasho.

"Hongera sana, mzee. Nyumba nzuri."

"Jiko umeliona?"

"Nimeliona. Lakini mimi naandika ninachokikanyaga, na hapa nimekanyaga miiba."

Akaandika. Hakutufokea, hakudai chochote, na hilo nalitaja kwa kuwa watu hupenda kuongeza yao. Alitupa muda mpaka mvua zianze. Akikuta kuta zimefika lenta, usawa wa juu ya milango, hata za vyumba viwili, kiwanja kinabaki chetu. Asipozikuta, kinarudi.

Wifi alitukuta nyumbani, akajimiminia chai bila kuniuliza. Nikamwambia mume wangu tujenge vyumba viwili na jiko, uwezo huo tunao. Yeye akataka msingi wa nyumba yote, na ngazi. Nikamuuliza tukiishiwa njiani atamwonyesha nini bwana ardhi.

"Watu wameshaiona," akasema.

"Wameona picha."

"Wameingia ndani, mama watoto. Wamenipongeza. Leo niwaonyeshe vyumba viwili? Watasema nimefilisika."

Maneno makali nilikuwa nayo mdomoni. Nikakumbuka dirisha langu, nikajiuliza kama mimi mwenyewe ningekubali likatwe, na sikuwa na uhakika. Aliyesema ni wifi.

"Kaka, chumba changu nimekirudisha. Kibomoe."

"Chumba gani?"

"Cha juu. Nilishahamia, sasa nahama. Nikija nitalala mkekani na watoto."

Kaka yake alimtazama kuona kama anamdhihaki. Alikuwa anamdhihaki. Lakini pia alikuwa anamwachia kweli, na nadhani ndiyo sababu ilimwingia. Wifi akishahama, huko juu hakukuwa na mtu, tukakubomoa palepale, chai mkononi. Ngazi ikafuata, maana sasa ilikuwa haiendi popote. Chumba cha nguo mume wangu alikitoa mwenyewe huku akikohoa. Dirisha nililipigania kidogo, kisha nikakubali la kawaida, la nondo na wavu. Mwanamke wa kikombe hakupata wa kumtetea.

Bwana ardhi alirudi mawingu yakiwa yameanza kujikusanya. Kuta zilikuwa zimefika lenta, hazina lipu, mlango ni uwazi tu. Akaingia, akagonga tofali kwa kifundo cha kidole, akapita chumba cha pili, akatokea jikoni. Hakuchukua muda, si nyumba ya kuchukua muda. Akasema kiwanja ni chetu. Nilikaa kwenye lundo la mchanga, nikashindwa hata kumuaga kwa heshima.

Jumapili ndugu wakaja. Walizunguka wakamaliza, wakarudi kuzunguka tena, nadhani walidhani wameruka kitu. Hongera haikutoka hata kwa mmoja. Shemeji alimshika mume wangu mkono kwa huruma, akasema, "Poleni sana. Mungu atawafungulia."

Mume wangu aliipokea pole hiyo, akawasindikiza mpaka barabarani. Akarudi. Aliingia chumba cha pili, akatandika koti lake juu ya kifusi, akajinyoosha, mchana ule, jua linampiga kwa kuwa bati hatukuwa nalo bado. Nilikwenda kumwambia atapata homa. Nikamkuta anakoroma.