Mama na Mtoto wa Tembo

Mama alipokuja Kampala kutolewa mtoto wa jicho, daktari alimwambia asirudi kijijini kwetu Karusandara kabla ya wiki kwisha. Nyumbani kwangu hakukuwa na la kufanya. Mimi nilishona sare za shule sebuleni, na yeye, aliyelima mahindi tangu baba yetu akiwa kibarua wa kiwanda cha saruji Kasese, alikaa tu akikunja vitambaa nilivyokwisha kuvikunja. Siku ya tatu nikafunga cherehani, tukaenda Entebbe.

Tulianza na bustani ya mimea, ile ya zamani iliyopandwa enzi za Waingereza. Kila mti mkubwa una kibao cha bati. Mama alikuwa na miaka minne hajasoma hata Biblia yake, akawa anasimama kwenye kila kibao na kusoma herufi moja moja majina ya Kilatini asiyoyaelewa.

"Hii mti naijua," alisema mbele ya mmoja. "Jina yake siyo hii."

Mchana tukaingia bustani ya wanyama. Simba hakumshughulisha. Alisimama penye uzio wa tembo mdogo aliyemfikia kifuani, aliyekuwa akijirushia vumbi. Nilidhani angekasirika. Tembo walikuwa wamemaliza mahindi yetu misimu mingi, na utoto wangu wote nilimsikia akiwalaani.

"Mama yake iko wapi?" alimuuliza mtunzaji, mwanamume wa makamo aliyebeba ndoo ya maziwa.

"Alikufa, mama. Waya ya mtego ilimukata mguu. Huyu tulimukuta amesimama pale pale, hataki kutoka."

Mtunzaji akaenda zake kunywesha yule mtoto, na sisi tukakaa kwenye benchi. Nilimwuliza kama jicho linamuuma.

"Jicho iko sawa." Akamtazama yule tembo mdogo. "Ule mwaka walikula shamba yote, baba yako alitega waya kule pembeni. Ni mimi nilimutuma. Yeye alikuwa hataki."

Sikuwahi kulijua hilo. Nilimkumbuka baba kama mtu asiyechinja hata kuku, kazi hiyo akiwaachia majirani.

"Ilinasa kitu?"

"Asubuhi waya ilikuwa imekatika, na damu kwa majani. Hatukufuata."

Msimu ule nilikuwa darasa la sita, na nakumbuka tulivyokula uji wa muhogo mpaka Krismasi. Nilimwambia hivyo: kwamba tulikuwa na njaa.

"Tulikuwa nayo," alikubali. "Na ule tembo pia alikuwa nayo."

Alikaa pale mpaka maziwa yakaisha ndooni, kisha akaomba twende, miguu imechoka.

Msimu uliofuata alinipigia simu. Tembo walikuwa wamekuja, wamekula mistari mitatu ya mahindi kabla majirani hawajapiga madebe. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelia. Kaka yangu, alisema, alikuja na waya kutoka mjini akitaka kutega.

"Ukamwambia nini?"

"Nilimunyang'anya. Nimefungia nayo mlango ya banda ya kuku."

Wiki hiyo mwanamke mmoja wa eneo la Munkunyu alimpelekea miche ya pilipili kali, ambayo tembo hawaipendi, naye mama akaipanda kuzunguka shamba lote akiwa peke yake, kwa sababu kaka yangu alikuwa bado amenuna.