Tochi Niliyoelekeza kwa Mama Mkwe

Mimi shule niliiachia darasa la tatu. Redio nilijifunza kwa kuchoma vidole, katika duka la Mhindi mmoja pale Kakamega mjini, siku nilizokuwa nikikaa mtaa wa Amalemba. Uhuru ulipokuja na mashamba ya wazungu yakagawanywa, nilipata eka zangu huku Mautuma, na ng'ambo ya kijito wakapewa nani? Wakwe zangu. Watu walinicheka sana. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawapeani mkono, na nyumba yake huingii hata ikiwaka moto. Sasa mimi kila asubuhi nikitoka kupiga mswaki, mlango wake huo hapo mbele yangu.

Basi kwaya ya shemeji yangu, kitinda mimba wa mama mkwe, ikachukuliwa sauti ili isikike redioni Jumapili mchana. Mama mkwe alikuwa na mguu mbaya, hatoki, na hamu ya kumsikia mtoto wake ilikuwa imemnyima hata obusuma, ugali wetu. Redio ilikuwa moja tu, yangu, kubwa kama kabati, inakula betri ya gari. Kuivusha maji haiwezekani. Nilivuta waya, ng'ombe wakaukata.

Ndipo nikakumbuka mchezo wa yule Mhindi. Sauti ya redio inaweza kutikisa mwanga wa balbu ya tochi, na transista ya kioo iliyokwanguliwa rangi yake inauona ule mtikisiko na kuurudisha kuwa sauti. Nikaunga tochi kwenye redio kwangu, na mke wangu akapeleka transista na spika ndogo kwa mamake, akaviweka ndani mkabala na mlango.

Jioni ya kwanza tu baba mkwe akatuma mtu kuniuliza kama kuna kitu nimepoteza nyumbani kwake, maana namulika mlango wa mke wake. Niliona haya, nisiseme uongo. Nikafunika tochi kwa karatasi za peremende, nyekundu na buluu pamoja, mpaka jicho halioni kitu. Transista yenyewe haijali. Inapenda zaidi ule mwanga wa joto ambao sisi hatuuoni, na huo unapita.

Lakini ulipita ukiwa dhaifu, ukafia kwenye kijito. Mke wangu akaazima kioo cha kukuzia maandishi ambacho babake anasomeanga Biblia, nikakiweka mbele ya tochi ili mwanga usitawanyike. Jua nalo lilikuwa linaipofusha transista mchana, basi nikaitia ndani ya mkebe wa kakao niliopaka masizi. Hapo ikavuka.

Ikavuka, halafu ikaanza ujinga. Mke wangu akienda kujaribu, inaimba. Akirudi, kule kimya. Nilibadilisha betri, nikachoma upya risasi ya kuungia nyaya kwenye kila kiungo, nikalaumu ng'ombe ambao safari hii hawakuwa na kosa. Ijumaa ikafika. Nikaacha kuuliza waya, nikamuuliza mke wangu.

"Ukifika pale, kitu cha kwanza unafanya nini?"

"Nasukuma leso kando, nipite."

"Leso gani?"

"Ya Mama. Ameitundika mlangoni tangu uanze kumulika. Anasema mwanga usionekane, uonekane, jicho la mkwe ni jicho la mkwe."

Nami siku tatu nachoma risasi! Kumwambia aitoe singeweza, na kusema kweli alikuwa na haki. Jumamosi mke wangu akaufunga ule mkebe kwenye ghala la mahindi, nje kabisa, akapitisha waya mfupi chini ya paa mpaka kwenye spika ndani. Leso ikabaki pale pale, na mimi nikalenga ghala. Ghala si mama mkwe wa mtu.

Jumapili kwaya ikaimba. Nilisimama upande wangu wa kijito, nikasikia kule ng'ambo sauti ya mwanamke mzima ikiufuata wimbo, nyuma kidogo, kwa nguvu. Miaka yote hiyo sikuwa nimewahi kumsikia akiimba.

Mke wangu alirudi akicheka. "Mama anasema amemtambua mtoto wake. Ni yule wa tatu kutoka kushoto."

Nikamwambia redioni hakuna kushoto.

"Nenda umwambie mwenyewe," akasema, akijua siendi.