Kumrudisha Mjomba Shija kutoka Rwamgasa

Bibi ndiye aliyenituma Rwamgasa nikamlete mwanawe Shija, mjomba wangu, ambaye nyumbani kwetu jina lake lilikuwa halitajwi. "Nataka nimwone kabla sijafa," alisema. Nilikubali papo hapo. Mimi nikipewa kazi siiachii njiani.

Asubuhi niliondoka Shinyanga kwa basi. Isaka tulikwama nyuma ya malori ya mizigo hadi nikamaliza mahindi yangu na ya jirani yangu. Baada ya Kahama niliuchapa usingizi, na Katoro nikachukua bodaboda.

Rwamgasa nilimkuta mjomba kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, mweupe kwa vumbi hadi nyusi. Nilimwamkia, nikajitambulisha. Akazima mashine.

"Mayu bado yupo?"

"Mama yako yupo, mjomba. Anakuita."

"Na Luhende?"

Mzee Luhende ni jirani yetu. Alikuwa kamanda wa sungusungu, walinzi wa kijiji, enzi zile wanaume walipowawinda wezi wa ng'ombe kwa mishale, Wasukuma kwa Wasukuma. Siku walipomfuata rafiki wa mjomba kwa tuhuma za wizi, mjomba alikataa kwenda. Rafiki yule aliuawa, na kijiji kikamtenga mjomba.

"Yupo," nilisema, "ila siku hizi hakuna anayeyazungumza hayo. Yamekwisha."

"Nani kakwambia yamekwisha?"

Niliudhika. Hata hivyo kesho yake alipanda basi pamoja nami.

Tulifika nyumbani alasiri. Bibi alikuwa amesimama mlangoni, lakini mjomba hakuingia. Alinyoosha moja kwa moja kwa Mzee Luhende, kiberiti kikionekana mfukoni mwa shati lake, nami nyuma yake.

"Shikamoo, mzee. Naomba moto."

Nilitaka kucheka. Mzee Luhende hakucheka. Aliinama mafigani akachomoa kijinga cha moto kwa mkono wake mwenyewe.

"Marahaba. Mpelekee mama yako, Shija."

Bibi alipokiona kijinga kile aliangua kilio. "Wabeja, ng'wana wane," alimwambia mwanawe, asante mwanangu. Ndipo akanieleza kwamba aliyetengwa hapewi moto na nyumba yoyote, na akipewa, kutengwa kwake kumekwisha.

Kumbe kimya chetu hakikuwa kusahau. Kila nyumba ilikumbuka barabara. Nilipandwa na hasira kwamba aliyekosewa ndiye aliyelazimika kuomba. Mjomba mwenyewe hakuwa na habari nami. Alikuwa amepiga magoti jikoni, akimpulizia mama yake moto.